Sauti Iliyopita Menoni

Nilirudi Arua katikati ya miaka ya sabini nikiwa mwalimu wa sayansi, na kiburi nilichorudi nacho kingetosha ukoo mzima na kingine kikabaki. Nilipangiwa shule ya sekondari pale mjini, chini ya Kilima cha Arua, na siku ya pili tu mkuu wa shule akanikabidhi ufunguo wa maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye popo darini, mizani mbili, sumaku chache, na kisanduku cha mbao kilichokuwa na uma nane za sauti, zimepangwa kuanzia ya chini hadi ya juu. Uma wa sauti si wa kulia chakula. Ni chuma chenye meno mawili na mpini. Ukikigonga gotini kinatoa sauti moja tu, ileile, leo na kesho na keshokutwa, na hakijui kukosea. Nilikipenda chombo kile kwa sababu ndivyo nilivyojiona mimi mwenyewe.

Wazazi wangu walikaa Pajulu, karibu na mji, kiasi cha kwenda kwa baiskeli na kufika bado unapumua. Baba alikuwa fundi wa adungu. Kwa asiyeijua, adungu ni kinubi chetu: sanduku la mti lililowambwa ngozi, na shingo ndefu iliyopinda inayotoka humo, yenye vigingi vya kukazia nyuzi. Ziko ndogo za kupakata, na iko kubwa ambayo sanduku lake unaweza kumlaza mtoto ndani. Kikundi cha baba kilikuwa na adungu tano, na hakuna harusi wala sikukuu ya kanisa iliyopita upande ule bila wao. Zamani, enzi za Mwingereza, baba alikuwa mpishi wa jeshi, na tangu hapo neno lolote zito au la mzaha alilitia kwenye Kiswahili cha kambini, hata kama sisi wengine nyumbani tulikuwa tunaongea Kilugbara.

Nilipokuwa bado chuoni, kila likizo mimi na baba tulibishana. Nilimwambia muziki ni hesabu: uzi ukitetemeka mara nyingi sauti inapanda, ukitetemeka mara chache inashuka, basi, hakuna uchawi. Baba alikuwa akiendelea kukwangua mti wake, kisha ananiambia, "Sawa, Mwalimu. Jumapili lete hesabu yako mbele ya kanisa, sisi tutakaa chini. Tutaona kama watu iko nacheza." Hapo mama alicheka mpaka akaacha kupepeta, nami nikanuna mpaka wakati wa chakula.

Lakini niliporudi na cheti, baba hakubishana tena. Nilimweleza mawimbi ya sauti, akatabasamu. Nikamweleza mtetemo, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nikadhani nimeshinda. Nilitembea na ushindi ule miezi mizima, nikiwasimulia walimu wenzangu jinsi sayansi ilivyomnyoosha mzee wangu.

Sasa nieleze desturi moja, maana ugomvi wote ulitokea hapo. Kwetu adungu haikazwi hivihivi. Uzi wa kwanza unafuata sauti ya mwanamke anayeongoza wimbo. Fundi anamwomba: "Toa sauti." Mwanamke anaimba mstari wa kwanza peke yake, bila haraka, na fundi anazungusha kigingi mpaka uzi umkute pale alipo. Nyuzi zingine zote zinafuata uzi ule, na adungu zingine zote zinafuata adungu ile. Katika kikundi cha baba, mwanamke huyo alikuwa mama yangu. Kwa miaka thelathini baba hakukaza uzi kabla ya kusimama kwenye mlango wa jiko na kumwomba sauti. Hata wakiwa wamenuniana aliomba, na hata akiwa amenuna mama alitoa. Majirani walisema ndoa ile ilifungwa kanisani lakini ilikuwa inakazwa jikoni.

Basi Jumamosi moja nikamkuta mama anamenya muhogo kwa hasira, maganda yanaruka mpaka kwenye kuku.

"Baba yako amepata sauti nyingine," akaniambia.

"Sauti gani, Mama?"

"Utaniuliza mimi? Mimi ninachojua ni kwamba haniombi tena yangu. Mwaka wa pili huu. Anakaza peke yake huko bandani, anakuja nazo zimeshakazwa, mimi nazifuata kama mbuzi nyuma ya kamba. Na akiongea, anaongea chini chini kama mwenye siri. Mwanamume anayeongea chini chini nyumbani kwake ana jambo."

Nikamwambia labda ni mambo ya wakati. Ilikuwa serikali ya jeshi, na watu wengi walikuwa wamejifunza kuongea chini. Mama akanitazama kama mtu aliyetia chumvi kwenye chai. Akasema mwezi ujao binti wa shangazi yangu anaolewa Koboko, na kikundi kimealikwa. "Akiniomba sauti mbele ya wakwe, nitaimba. Asiponiomba, nafunga mdomo siku ile na siku zote. Atafute huyo mwingine amwimbie."

Mama hakuwa mtu wa vitisho. Aliwahi kuapa hatakula samaki mkavu wa dukani, na mpaka anazikwa hakumla. Kwa hiyo niliogopa.

Nikaona hili ni jambo la sayansi, na mwanasayansi ni mimi. Jumamosi iliyofuata nikaazima kile kisanduku cha uma bila kumwuliza mkuu wa shule, nikakifunga kwenye kitenge, nikaenda nacho Pajulu. Nikamwomba mama aimbe mstari wa kwanza, huku ninagonga uma mmoja mmoja gotini, mpaka wa tatu ukakaa sawasawa na sauti yake.

"Mama, wewe ni wa tatu."

"Yaani miaka thelathini nilikuwa chuma namba tatu?"

"Ndiyo."

"Na baba yako anajua?"

Nikaenda kupiga uzi wa kwanza wa adungu iliyoegemezwa ukutani. Ulikuwa karibu kabisa na uma wa tano. Sikuamini, nikarudia. Mama akapiga makofi mara moja. "Ndiyo maana mwaka huu nimeimba kama kuku anayekamatwa," akasema, na hapo hasira yake ikawa na ushahidi, jambo ambalo sikulikusudia.

Nikamfuata baba bandani. Alikuwa amekaa na adungu kubwa, na alikuwa anafanya kitu ambacho kila mtu wa kikundi alikiona na hakuna aliyekifikiria: alikuwa ameiuma shingo ya adungu. Anauma, anapiga uzi, anazungusha kigingi, anauma tena. Alianza mtindo huo kiasi cha miaka miwili nyuma. Vijana wake walipoona mzee anauma, wakajua hiyo ndiyo siri ya ufundi, nao wakaanza kuuma. Ukienda mazoezini ungekuta wanaume wanne wameng'ata vinubi vyao kwa makini kama watu wanaokula mahindi. Mmoja hakuwa na meno ya mbele, akatumia kidevu, na alisema yake ndiyo safi kuliko zote.

Nikaugonga uma wa tatu, nikausogeza karibu na sikio la baba. "Sikia, Baba. Hii ndiyo sauti ya Mama."

Akafumba macho, akainamisha kichwa, akasikiliza. "Iko sawa sawa," akasema.

"Na hii ndiyo ya uzi wako." Nikausogeza wa tano. Akausikiliza huo pia, kwa heshima ileile, macho yamefumbwa. "Iko sawa," akasema.

Kumbe kwa kiherehere changu nilikuwa nimesahau kuugonga.

Nikautazama uma. Nikamtazama baba. Kisha nikazunguka polepole nyuma ya mgongo wake, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, kuna nyoka karibu na mguu wako." Aliendelea kutabasamu akiangalia mahali nilipokuwa nimesimama mwanzo.

Sikulia. Nilikasirika, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Mimi niliyesimama mbele ya watoto arobaini nikichora sikio ubaoni kwa chaki za rangi! Miezi yote ile nilihesabu "Ndiyo, Mwalimu" zake kuwa ushindi, na yule mzee hakuwa amesikia hata somo moja. Na si mimi peke yangu niliyedanganyika. Nilikumbuka jinsi askari walivyomsimamisha njiani mwaka ule wakamwuliza amesikia watu sokoni wanasema nini. Baba akatabasamu, akatikisa kichwa kuwa hapana. Wakamwuliza tena, akatabasamu tena, wakamwachia. Pajulu nzima ikamsifu: huyo ndiye mutu ya akili, hasikii kitu. Miaka ile kutosikia kulikuwa hekima, na baba alikuwa amejificha humo vizuri kabisa.

Nikaugonga uma wa tatu kwa nguvu, na safari hii nikauweka mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio lake.

Baba alinishika mkono. Chuma kiliponyamaza akasema, "Gonga tena." Nikagonga. Akauchukua mwenyewe, akauma mpini kwa meno, macho yakamtoka.

Ningependa kueleza hapa kidogo, maana nilikuwa mwalimu na ugonjwa huu haunitoki. Sauti ina njia mbili za kuingia kichwani. Moja ni hewa, kupitia tundu la sikio. Nyingine ni mfupa. Baba masikio yake yalikuwa yametoka usaha mara nyingi, yeye akiyatia mafuta ya simsim na kunyamaza, na ile njia ya kwanza ikaziba. Ya pili ilikuwa nzima kama ya mtoto. Ndiyo maana aliuma adungu: mti ulikuwa unamletea sauti kwenye meno, na meno yanaipeleka ndani. Alikuwa akikaza uzi mpaka jino limwambie inatosha, na jino halimjui mama. Hata kule kuongea chini chini kulikuwa ni hilohilo. Mtu wa namna ile sauti yake mwenyewe anaisikia kubwa kichwani, kwa hiyo anaipunguza, akidhani anawafanyia wenzake hisani.

Nikamwambia sikioni, kwa nguvu, karibu kupiga kelele, "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Fundi ya adungu iko kiziwi? Watu watacheka mpaka Congo."

"Na Mama?"

Akaurudisha uma kwenye kisanduku, akauweka taratibu mahali pake. "Mama yako usimwambie. Akijua, ataniona maskini. Heri akasirike. Hasira yake mimi najua, tumezoeana." Halafu akafunga kisanduku. "Adungu nasikia," akasema. "Wewe ukipiga kelele hivi nasikia kidogo. Yeye ndiye sisikii hata kidogo. Adungu nauma. Yeye nitamwuma wapi?"

Alisema kama mzaha, na mimi nikacheka, kisha tukaangalia chini sote wawili. Nikamwahidi sitasema.

Lakini tulikuwa na uma wa tatu. Mpango wetu ulikuwa huu. Asubuhi ya harusi ningegonga uma kwa siri, baba angeuuma, angekaza uzi wa kwanza ulingane nao. Baadaye mbele ya wakwe angemwomba mama sauti kama zamani, mama angeitoa, na baba angegusa kigingi kidogo kwa kujifanya. Mama angepata kuombwa kwake, baba angebaki na siri yake, na mimi ningekuwa nimeokoa ndoa kwa chuma kimoja. Nilijiona nimefika. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini nilidhani msemo huo ni wa watu wasio na maabara.

Twende Koboko basi. Barabara ile wakati wa kiangazi ni vumbi tupu, na lori letu lilikuwa nyuma ya lori jingine tangu Maracha. Tulishuka tukiwa rangi moja wote, watu na adungu na mabunda ya nguo. Wakwe walitupokea kwa maji, na uwanja ulikuwa umefagiwa, viti vya bwana harusi na bibi harusi vimewekwa chini ya turubai. Nyuma ya nyumba nikagonga uma, baba akauma, akakaza. Yule asiye na meno ya mbele alitukuta, akautazama ule uma mdomoni mwa baba kwa wivu mkubwa, akaniuliza kama nina mwingine wa kidevu.

Ikafika zamu yetu. Baba akasimama mbele ya watu wote, akageuka kwa mama, na kwa sauti yake ile ya chini akasema, "Toa sauti."

Mama hakutarajia. Nilimwona anakaza kitenge kiunoni, anashusha mabega, anakuwa kijana. Akafungua mdomo akaimba mstari wa kwanza.

Ilitoka sauti ambayo sikuijua. Vumbi la njiani na baridi ya asubuhi kwenye lori vilikuwa vimemkaba koo, na ile sauti ilishuka chini ya uma wa tatu, chini ya wa pili, nadhani hata wa kwanza usingeifikia. Uma haupati mafua. Hilo nilikuwa sijaliweka kwenye hesabu.

Baba, kama tulivyopanga, akagusa kigingi bila kukizungusha, akatikisa kichwa, akasema, "Iko sawa." Adungu tano zikaingia juu, mama yuko chini, na kati yao palikuwa na shimo ambalo hata mlevi mmoja wa Koboko aliliona, akaacha kucheza. Mama akakatiza wimbo. Wapigaji wakaacha mmoja baada ya mwingine.

"Umeniomba ili unidharau mbele za watu?" mama akamwuliza mgongo wa baba, maana baba alikuwa amegeukia wapigaji.

 Baba hakujua hata kwamba ameulizwa. Aliona tu mikono ya wenzake imesimama, akanitazama mimi. Mama akangoja. Akauliza mara ya pili, polepole. Baba bado alinitazama mimi. Basi mama akaenda akakaa kwenye mkeka wa wanawake, akajifunika kitenge mabegani, akafumba mdomo. Wakwe wakaanza kunong'onezana. Shangazi alinitolea jicho, na bibi harusi alikuwa karibu kulia.

Nilikuwa nimeahidi nisiseme, na sikusema. Nilichofanya ni kwenda kuichukua ile adungu kubwa, nikaiburuta katikati ya uwanja mpaka kwenye mkeka, nikailaza, upande wa ngozi mbele ya mama. Nikamwambia, "Mama, imbia hapa. Weka mdomo kwenye ngozi kabisa."

"Umerukwa na akili?"

"Ndiyo. Imba, nakuomba."

Nikamshika baba mkono nikamleta kwenye shingo ya adungu. Nikamwonyesha kwa kidole meno yangu, kisha shingo ile: ng'ata. Akamtazama mama aliyeinama kwenye sanduku, akanitazama. Akapiga magoti akauma. Wale wanne wengine walipomwona mzee anauma, nao wakauma adungu zao harakaharaka, wasije wakapitwa, na Koboko nzima ikaangua kicheko.

Mama aliimba. Nadhani aliimba ili tumalize aibu ile upesi. Mstari mmoja, kwa sauti yake ya vumbi, midomo imegusa ngozi.

Baba hakuzungusha kigingi. Aliganda pale, macho wazi. Kisha akaachia mti kidogo, akasema chini chini, "Iko na mafua."

Mama akainua kichwa. Akatazama shingo ya adungu, alama za meno juu ya alama za meno, za miaka miwili. Akamtazama baba mdomoni, halafu masikioni, sikio hili na sikio lile, kama mtu anayekagua mtoto aliyetoka kuoga. Nilijua amejua. Nilimwogopea baba ile huruma aliyoikwepa muda wote ule, lakini sikuiona usoni mwa mama. Niliona hasira, yote, ikitafuta pa kwenda na isipapate.

Akazizuia nyuzi kwa kiganja zisilie. Akainama tena, akaweka midomo kwenye ngozi, na safari hii hakuimba, aliongea. Aliongea kwa muda mrefu, polepole, watu wakiwa wamenyamaza wanangoja. Nilikuwa hatua moja kutoka pale, masikio yangu mazima, cheti changu nyumbani, na sikusikia hata neno. Katika uwanja ule wote alisikia mmoja tu. Mama alipomaliza akajifuta mdomo akakaa wima, na baba bado alikuwa ameuma, hataki kuachia.